Tangazo Lililoonekana Ndani Tu

Sumbawanga,
Jumatatu, 3 Juni 2024

Mwanangu Lwitiko,

Habari za Mbeya? Sekela na mtoto hawajambo? Sisi tupo. Baridi ya mwaka huu imekuja na upepo wake wote, na dirisha la ofisi bado halijawekwa kioo, kwa hiyo nakuandikia nikiwa nimejifunga kitenge mabegani kama mgonjwa.

Nakuandikia barua pepe kwa sababu kwenye simu nasahau nusu ya shida, na wewe unaongea haraka. Shida ni tovuti ya chuo. Haijaharibika. Ni mimi nimechoka nayo. Nikiingia kule ndani, upande wa kuhariri, nakutana na visanduku mpaka nasikia kizunguzungu. Kimoja kinanikaribisha kila asubuhi kana kwamba jana sikuwepo. Kingine kinaniletea habari za hao waliotengeneza programu, kwa Kiingereza. Kuna cha maoni, na hakuna mtu aliyewahi kutuma maoni. Kuna kinachosema afya ya tovuti inahitaji kuangaliwa, nami nasema moyoni, hata yangu. Lakini cha matangazo, ambacho ndiyo kazi yangu, kiko ukurasa mwingine kabisa, mpaka nibonyeze mara nne. Wiki iliyopita nilifuta menyu nzima nikidhani nafunga kisanduku. Mzee Zenon wa maktaba ndiye aliyenisaidia kuirudisha, na asubuhi yote ikaishia hapo.

Nina miaka ishirini na sita katika ofisi hii ya udahili. Nilianza na mashine ya taipu. Nastaafu Aprili, sitaki kujifunza kitu kipya tena. Nakuomba uniondolee visivyonihusu, uniachie vitatu tu: cha matangazo, cha picha na cha kuandika habari. Wewe ndiye uliyeijenga, siku zile unakula kwangu ukaanza kuniita mama, unajua pa kushika.

Mama yako wa Sumbawanga,
Edith Kasonso


Mbeya,
Jumapili, 9 Juni 2024

Shikamoo mama,

Pole na baridi. Kazi yako nimeifanya jana.

Hivyo visanduku sisi mafundi tunaviita wijeti. Kila kimoja unaweza kukificha au kukionyesha, na unaweza kuchagua kionwe na nani: watu wote, au wale walioingia kwa nywila tu. Nimeweka programu ndogo ya kusaidia kuchagua hivyo. Cha kukukaribisha nimekiondoa, cha Kiingereza nimekiondoa, cha afya nimekificha, utaniachia mimi. Kisanduku cha matangazo nimekileta mbele. Ukiingia tu unakikuta juu, mkono wa kushoto. Andika, hifadhi, na tangazo litatokea lenyewe upande wa nje, pembeni mwa ukurasa wa kwanza. Nimekijaribu mara nyingi mpaka kikakaa.

Niliifanya mtoto akiwa mapajani, ana homa, kwa hiyo ukiona kitu hakijakaa sawa niambie mapema. Mkataba wangu na chuo wa kutunza tovuti unaisha mwisho wa Septemba, na nataka Mkuu aone hakuna malalamiko.

Sekela anakusalimu. Anasema ulezi uliotutumia ndio uji wa mtoto sasa.

Mwanao,
Lwitiko Mwasomola


Sumbawanga,
Jumatatu, 29 Julai 2024

Lwitiko,

Barua fupi, nina foleni mlangoni. Tangu Juni nafanya kazi kama mtu mwenye akili timamu. Visanduku vitatu, basi. Leo asubuhi Mkuu wa Chuo, Mwalimu Herman, amesogeza tarehe ya usaili wa wanafunzi wapya wa uuguzi. Ilikuwa tarehe 14 Agosti, sasa ni tarehe 7, maana wiki ya tarehe 14 tuna wakaguzi kutoka wizarani. Nikauliza tuwapigie simu waombaji? Akasema fomu inawaagiza waangalie tovuti kila wiki, inatosha. Nimeandika, nimehifadhi, nimefungua ukurasa wa kwanza nikaliona limekaa pembeni, zuri kabisa. Sikubonyeza mara nne.

Asante mwanangu. Umenipunguzia uzito.

Mama yako,
Edith


Sumbawanga,
Alhamisi, 15 Agosti 2024

Lwitiko,

Nimekupigia mara tatu leo, hupokei. Najua una kazi, lakini nisomee hii hadi mwisho.

Tarehe 7 walikuja watu wa mjini tu, waliosikia habari hapa hapa. Nafasi zikajaa. Mkuu akasema hao wengine hawana nia. Jana tarehe 14 nikakuta watu kumi na tisa getini. Wa Mpui, wa Mwimbi, wa wapi na wapi, na bahasha zao za vyeti. Mlinzi amewazuia kwa sababu ya wakaguzi. Nikatoka mimi.

Kulikuwa na mama mmoja wa Mwazye, Josefina, na binti yake Debora. Mama akaniambia, "Shikamoo. Binti yangu ameangalia kila Jumapili akienda Matai penye mtandao, kwenye simu. Hakuna tarehe nyingine iliyoandikwa."

"Imeandikwa," nikamwambia. "Njoo uone."

Nikawaingiza ofisini, nikawafungulia kwenye kompyuta yangu. Tangazo lipo. Mama hasomi vizuri, akamtazama binti. Binti akasoma mara mbili, kisha akatoa simu yake, akafungua ukurasa ule ule.

"Kwangu halipo," akasema.

Nikaangalia. Kweli, kwake halikuwepo. Pembeni palikuwa patupu. Nikamwambia simu yake ni ya zamani, haisomi vizuri. Ndivyo nilivyosema, Lwitiko, kwa sababu nilikuwa nimechoka, watu kumi na tisa wananisubiri nje, na kwangu tangazo nililiona kwa macho yangu.

Wamekwenda kulalamika wilayani. Mkuu ananiuliza kama kweli niliweka tangazo au niliweka jana baada ya kuona watu. Nasikia kuna kikao cha nidhamu. Naomba unitafutie kama kuna kumbukumbu ya saa niliyoliweka. Na unieleze kwa nini kwa yule binti halikuwepo.

Mama yako,
Edith


Mbeya,
Jumamosi, 17 Agosti 2024

Shikamoo mama,

Samahani kwa simu, nilikuwa kwa mteja tangu asubuhi.

Kumbukumbu ipo. Tangazo limehifadhiwa na jina lako Jumatatu tarehe 29 Julai, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Nimeambatanisha karatasi yake, mpe Mkuu aione. Hakuna atakayesema uliliweka baadaye.

Nimeangalia tovuti kutoka kwenye simu mbili tofauti, tangazo linaonekana. Mwambie Mkuu naye aangalie kwake.

Pole sana na usumbufu. Usiumize kichwa, mambo haya hutokea kwenye mitandao.

Lwitiko


Sumbawanga,
Jumatatu, 26 Agosti 2024

Lwitiko,

Leo nakuandikia kwa mkono, nitampa kondakta wa basi la asubuhi. Nywila yangu wameifunga mpaka kikao kipite. Nimekaa ofisini napanga mafaili ambayo nilishayapanga.

Karatasi yako imenisaidia. Mkuu ameona nililiweka kwa wakati. Ameangalia kwenye simu yake, tangazo lipo, Mzee Zenon ameangalia kwenye yake, lipo. Sasa wanasema waombaji ni wazembe na wametunga maneno. Wameitwa wawakilishi wao kwenye kikao, Jumanne tarehe 3 Septemba. Atakuja yule mama wa Mwazye na binti yake.

Lakini mimi, Lwitiko, simu ya yule binti niliiona. Kama ungeniambia mtu mwingine ameiona ningebisha. Niliishika kwa mkono wangu, na pembeni palikuwa patupu.

Umenijibu saa na dakika. Hili hukunijibu. Kwa hiyo nakuuliza waziwazi. Je, ni vile visanduku nilivyokuomba uvipunguze? Je, mimi nimeharibu kitu kwa uvivu wangu wa kubonyeza mara nne? Kama ni mimi niambie, nitajua la kusema. Siogopi sana. Nimebakiza miezi minane kustaafu, watanifanya nini.

Mama yako,
Edith


Mbeya,
Ijumaa, 30 Agosti 2024

Mama,

Hapana. Visanduku havihusiani. Nilivyogusa ni vya upande wa ndani tu.

Simu huhifadhi nakala ya zamani ya ukurasa ili isitumie data nyingi. Binti alikuwa anaona nakala ya zamani. Ndiyo maana sasa hivi akifungua ataliona. Unaweza kuwaeleza hivyo kwenye kikao, na wakitaka useme fundi ndiye aliyekueleza.

Usijilaumu. Pumzika.

Lwitiko


Sumbawanga,
Jumatano, 4 Septemba 2024

Mwanangu,

Kikao kimekwisha. Kazi sijafukuzwa. Nywila wamenirudishia, lakini hii pia nakuandikia kwa mkono, sijapata hamu ya kuifungua ile kompyuta.

Tulikuwa watu wanane mezani. Mwenyekiti alimwambia Debora afungue tovuti mbele yetu kwa simu yake. Akafungua. Tangazo lilikuwepo. Binti aliitazama simu yake kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yao umehamishwa.

"Siku ile halikuwepo," akasema.

Hapo nikasimama nikaeleza habari ya nakala ya zamani, kama ulivyonifundisha. Binti akasema, "Lakini nilikuwa naifungua upya kila mara. Hata pale ofisini niliifungua upya, mama huyu aliona."

Mwenyekiti akanigeukia. "Edith, kuna kitu chochote kilibadilishwa kwenye tovuti kabla ya tangazo hili?"

Nikasema hapana.

Sijui kama unaelewa kwa nini nilisema hivyo. Ningesema ndiyo, wangekuita wewe, na mkataba wako uko mezani kwa Mkuu mwezi huu huu. Ulishaniambia visanduku havihusiani, nikaona nisikuingize. Lakini nilipokuwa nasema, sauti haikuwa yangu.

Yule mama Josefina alikuwa ameketi mwisho wa meza. Mwishoni akasimama, akakunja kanga yake, akasema, "Basi tumekosa sisi. Mtusamehe." Kisha akaja mpaka kwenye kiti changu akaniomba radhi mimi, kwa kunichafulia jina. Binti alikuwa amesimama nyuma yake anatazama chini. Nikaipokea ile radhi. Nilishika mkono wake nikasema hakuna neno.

Sijala vizuri tangu jana. Nadhani ni uchovu tu.

Edith


Mbeya,
Jumatatu, 9 Septemba 2024

Shikamoo mama,

Barua yako Sekela aliifungua kabla yangu, alidhani ina salamu za mtoto. Aliisoma amesimama jikoni. Akaniuliza, "Huyu mama aliyeombwa radhi alikosa nini?" Nikamjibu ni mambo ya kiufundi. Akasema, "Nimekuuliza alikosa nini." Akaiweka barua juu ya meza, akaendelea kupika, na tangu hapo hajaniuliza tena. Ingekuwa nafuu kama angeniuliza.

Ni visanduku, mama. Lakini siyo wewe, ni mimi.

Siku ile ya Juni nilipokuwa nakisogeza kisanduku cha matangazo, sikutaka watu wa nje waone majaribio yangu. Nikachagua kionwe na walioingia tu. Nilipomaliza nilitakiwa kurudisha kwenye watu wote. Sikurudisha. Mtoto alitapika, nikainuka, nikasahau. Kwa hiyo wewe, kwa kuwa uko ndani kila siku, ulikuwa unaliona tangazo. Watu wa nje wote hawakuliona, wala si Debora peke yake. Simu yake ilikuwa nzima.

Barua yako ya tarehe 15 Agosti niliisoma siku hiyo hiyo. Nikafungua tovuti kwa simu ya Sekela, nikajua ndani ya dakika mbili. Nikarudisha kisanduku kionwe na watu wote. Nikaiondoa kabisa ile programu ndogo. Halafu nikakaa siku mbili natafuta namna ya kukuandikia, nikakuandikia saa na dakika. Simu zako niliziona zote zikiita.

Nilifikiria mkataba. Nilifikiria pia kwamba karatasi ya kumbukumbu ingekutosha wewe na hakuna atakayeumia. Wale kumi na tisa sikuwafikiria kabisa, mama. Kwangu walikuwa idadi. Mpaka uliponiandikia habari ya mama aliyekunja kanga.

Nakala ya barua niliyomtumia Mkuu leo asubuhi iko hapa chini. Nimeituma kabla ya hii, ili nisije nikaahirisha.

Naomba unisamehe. Na naomba uniambie kama bado naweza kukuita mama.

Lwitiko

— — —

Lwitiko Mwasomola,
Mbeya.
9 Septemba 2024

Mkuu wa Chuo,
Sumbawanga.

Ndugu,

YAH: TANGAZO LA MABADILIKO YA TAREHE YA USAILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Napenda kukufahamisha kwamba kati ya tarehe 8 Juni na 15 Agosti 2024, kisanduku cha matangazo katika tovuti ya chuo kilikuwa kinaonekana kwa watumishi walioingia kwa nywila tu. Waombaji hawakuweza kuliona tangazo kwa simu yoyote. Kosa hili nililifanya mimi wakati wa kubadili mpangilio wa visanduku, na nililirekebisha tarehe 15 Agosti bila kutoa taarifa. Maelezo niliyompa Bi. Edith Kasonso kuhusu nakala za zamani katika simu hayakuwa ya kweli, na yeye hakujua.

Waombaji walisema kweli. Naomba barua hii isomwe mbele ya kikao kilichowasikiliza.

Wako mtiifu,
L. Mwasomola


Sumbawanga,
Jumatano, 16 Oktoba 2024

Lwitiko,

Nimechelewa kukujibu. Sikutaka kuandika kabla ya kumaliza la kufanya.

Barua yako ilisomwa. Baada ya kusomwa nikaomba nafasi, nikasema kwamba nami niliulizwa kama kuna kilichobadilishwa nikajibu hapana, na nilijua kipo. Umeandika kwamba sikujua. Uongo wa simu sikuujua, lakini ule wa kikao ulikuwa wangu, hukunifundisha wewe. Nimepewa barua ya onyo na nimehamishiwa maktaba kwa Mzee Zenon mpaka Aprili. Ni pazuri, pana kioo dirishani. Mkataba wako hawakuongeza, nadhani umeshaarifiwa. Wale kumi na tisa wameandikiwa, na safari hii wamepigiwa simu pia, kwamba watasailiwa wa kwanza kwa nafasi za Machi. Kumi na wanne wameitikia. Wawili wameshaolewa, wawili hawapatikani. Mmoja, Debora, alisema hataki.

Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda Mwazye. Barabara ni vumbi tupu, mvua bado, watu wanachoma matofali. Nilimkuta Josefina anapepeta ulezi. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akanipa uji. Nikamweleza yote, la kwako na la kwangu. Alisikiliza bila kuacha kupepeta. Nilipomaliza akasema, "Umesema vizuri. Lakini siku ile ulitukatalia mbele yake. Msubiri aje."

Nikamsubiri. Alikuwa kwa mjomba wake anabeba matofali. Alikuja saa kumi, vumbi jekundu mpaka viwikoni, akaniona, akasimama mlangoni hakuketi.

Nikamwambia, "Debora, simu yako ilikuwa nzima. Ulisema kweli mara mbili, na mimi nilikuwepo mara zote mbili. Ya kwanza sikukuamini. Ya pili nilikuamini nikaficha ninachojua. Nisamehe."

Alijipangusa vumbi viwikoni. Kisha akaniuliza, "Umemwambia nani mwingine?"

"Kikao kizima. Barua imesomwa."

"Hao ni wa mjini," akasema. "Hapa mjomba anasema nilipitiwa na tarehe nikamdanganya mama, nikampeleka mjini bure. Watu wa hapa nani atawaambia?"

Mama yake akasema, "Debora."

"Ameuliza sawa," nikasema.

Nikalala kwao. Jumapili baada ya misa, watu wakiwa wamesimama nje wanasalimiana, nilimwomba katekista anipe dakika moja. Nikajitaja jina na kazi yangu, nikawaambia binti huyu hakupitiwa na tarehe na hakumdanganya mtu, aliyekosea ni ofisi yangu. Sikueleza visanduku, wasingeelewa na hawakuhitaji. Mjomba wake alikuwepo. Alivua kofia akaikung'uta vumbi muda mrefu sana, kisha akaja kunisalimu.

Debora alinisindikiza mpaka gari linapopakia. Njiani aliniuliza usaili wa Machi wanaulizwa nini. Nikamweleza ninayoyajua. Hakusema atakuja. Nami sikumsukuma.

Sasa la kwako. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Kuacha kisanduku kilivyo mtoto akiwa anatapika, hilo hata mimi ningefanya, na ungeniambia tarehe 15 tungewapigia simu wale watu wakarudi wiki ile ile, kabla nafasi hazijathibitishwa. Mkuu mwenyewe amekiri hivyo. Nilikuuliza waziwazi kwa mkono wangu, nikakwambia siogopi. Ukanijibu hapana, ukaniambia nipumzike. Hilo ndilo linalonichosha, kisanduku sikifikirii tena.

Umeandika barua kwa Mkuu kabla ya kuniandikia mimi. Nimeliona hilo. Mwambie Sekela nimemshukuru.

Unauliza kama bado unaweza kuniita mama. Ukipita Sumbawanga njoo ule, na ukija na mtoto nitafurahi. Hilo silikatai. Lile ulilouliza bado silijui, na sitaki kulijibu leo kwa sababu tu umeuliza kwa adabu.

Edith Kasonso